Msiyashushe Mapazia

Leo hatuandiki juu ya masomo wala juu ya intavyu za kusafiri. Tunaandika juu ya mapazia. Tunajua kuna watakaocheka. Chekeni kwanza, halafu msome mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili limetukaa rohoni na tumechoka kulinong'ona.

Sisi ni watu wa kujitolea. Siku moja tulipewa kazi ya kuongozana na timu iliyokuwa inapita nyumba kwa nyumba kuandika hali ya kila familia. Sisi tulikuwa wa kutafsiri na kuonyesha njia. Tukafika kwa mama mmoja hapa hapa Nakivale, mjane mwenye watoto watano. Nyumba yake tunaijua tangu tukiwa wadogo, ndiko tulikopita kuomba maji tukitoka uwanjani. Ni sebule na chumba kimoja, kuta za udongo, mabati juu. Lakini ukiingia ndani ulikuwa unasahau uko kambini. Mlangoni pazia la kitenge cha rangi ya machungwa chenye ndege wa buluu. Kati ya sebule na chumba, pazia la pili, la manjano lenye maua ya kijani. Mezani kitambaa kilichoungwa kwa vipande vya kila rangi. Kila mtu mtaani alikuwa anasema, nyumba ya mama fulani inang'aa.

Siku ile tulikuta kuta tupu. Misumari ilibaki ukutani, na kamba ya nailoni ikining'inia bila kitu. Meza uchi. Watoto wamekaa chini wanatuangalia. Tulidhani ameibiwa. Wakati wenzetu wanatoa karatasi zao, tukamwuliza kwa sauti ya chini, mama, mapazia yamekwenda wapi? Akatujibu kwa Kiswahili chake cha Kivu: "Mtoto yangu, kama banaona marido, batasema niko na franga."

Mapazia alikuwa ameyakunja, ameyatia kwenye gunia, ameyapeleka kwa jirani. Binti yake wa miaka 15 alirudi shule tukiwa bado pale. Kwa kawaida angeingia nyuma ya pazia la manjano abadilishe nguo. Siku ile alisimama mlangoni, akatazama chumba kilicho wazi na wageni wanne sebuleni, akageuka. Alienda kubadilisha nyuma ya jiko la nje. Sisi tuliona. Wageni hawakuona, walikuwa wanaandika.

Kabla hatujamlaumu mtu mwingine, tukiri letu. Siku chache kabla ya ziara ile, kwenye mkutano wa mtaa, mmoja wetu alisimama akasema kwa mzaha, "Tayarisheni nyumba zenu, wasije wakakuta starehe." Watu wakacheka. Yule mama hakucheka, alikwenda nyumbani akashusha mapazia. Na mzaha wenyewe ulitoka mahali. Mwandishi mmoja wa fomu, kwenye nyumba nyingine, alikuwa ameshika pazia la mtu kwa vidole viwili akasema, "Hapa mnaishi vizuri." Pengine alitaka kusifia tu. Lakini neno lile lilitembea mtaa kwa mtaa, na jua lilipozama lilikuwa limegeuka kuwa "wanahesabu mapazia".

Msituambie watu ni waoga bure. Tangu katikati ya 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda unatolewa kwa makundi, na wale waliowekwa kwenye kundi la tatu, la wanaohesabiwa kuwa wanajitegemea, waliondolewa kwenye mgao. Mtu aliyeona jirani yake akitolewa kwenye orodha hawezi kulala mlango ukiwa na ndege wa buluu. Anaanza kuitazama nyumba yake kwa macho ya mgeni. Anajiuliza, sufuria hii? Kiti hiki? Pazia hili? Hapo ndipo umaskini unapoanza kuigizwa, na anayelipia mchezo huo ni mtoto anayebadilisha nguo nyuma ya jiko.

Kwa hiyo tunasema wazi: pazia si ushahidi wa kushiba. Rangi si mshahara. Mtu akiwa na njaa ndani ya nyumba yenye kitenge cha maua, bado ana njaa. Ukishusha kitenge, njaa haiongezeki wala haipungui, ila nyumba inakuwa mbaya zaidi na watu wake wanakuwa wadogo zaidi.

Sasa tuongee na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Tunawaheshimu, wengi wenu tunakula nanyi chapati na kucheka nanyi. Hebu tuwapigie hesabu ndogo. Juzi tulinunua kitenge cha kawaida sokoni, yadi 6, kwa shilingi 35,000. Pazia likitunzwa linakaa miaka 5. Gawa kwa miezi 60, ni chini ya shilingi 600 kwa mwezi, yaani chapati moja. Ndiyo starehe mliyoiona. Na wengi hata hiyo shilingi 35,000 hawakuitoa. Kile kitenge cha ndege wa buluu, mama yule alivuka nacho mpaka wa Bunagana akiwa amejifunga kiunoni. Njiani kilikuwa mbeleko. Usiku kilikuwa shuka. Kwenye kituo cha kupokelea wageni kilikuwa ukuta kati yake na watu asiowajua. Alipopata ploti na kujenga, akakifua, akakipinda, akakitundika mlangoni. Yeye alikuwa anahesabu kazi zilizofanywa na kitenge kimoja, wewe ukaona utajiri.

Ninyi mnaotoka mbali, jueni kwamba kwetu kitenge, au kikwembe kama tunavyosema Kongo, ndicho kitu ambacho mwanamke anamiliki mwenyewe. Anapewa kwenye ndoa. Anapewa akizaa. Anakinunua na wenzake kwa ajili ya tarehe 8 Machi wapate kuvaa sare moja. Parokia ikifanya sherehe, kunachapwa kitenge chenye sura ya askofu, na baadaye utamkuta askofu huyo amekuwa pazia la dirisha, anabariki sufuria. Vita ikija, shamba halibebeki, nyumba haibebeki, ng'ombe wanachukuliwa. Kitenge kinakunjwa kinaingia kwenye fuko. Ndiyo maana nyumba nyingi hapa zina vitenge vizuri na hazina unga. Anayeshangaa hilo hajawahi kukimbia.

Na kuna hili la picha. Kuna siku alikuja mpiga picha wa shirika moja, akamkuta bibi amekaa mbele ya pazia lake jekundu, bibi ambaye alikuwa amejifunga kilemba kizuri makusudi kwa ajili ya picha. Akamwomba asogee, akasimame kwenye shitingi iliyochanika nyuma ya nyumba. Bibi akasogea, maana bibi zetu wana adabu. Lakini alituuliza baadaye, "Kwani pazia langu lina kosa gani?" Tulikosa jibu. Leo tunalo. Bibi, pazia lako halikuwa na kosa. Kosa ni la mtu anayeamini kwamba wafadhili hawawezi kumhurumia mtu nadhifu.

Sasa tugeuke kwetu wenyewe, maana maneno mabaya juu ya mapazia hayatoki kwa wageni peke yao.

Kuna wazee na vijana wanaosema, "Hapa si kwetu. Tunapita tu. Kupamba nyumba ya kambi ni ujinga." Tunawaelewa, hakuna mkimbizi asiyetamani kurudi au kusonga mbele. Lakini Nakivale ilianza 1958, na wa kwanza kuletwa hapa walikuwa Wanyarwanda ambao nao walisema wanapita. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana mvi. Sisi wenyewe tunao wenzetu waliokataa kusiriba ukuta kwa sababu prosesi imefika mahali pazuri, simu italia wakati wowote. Mwaka wa kwanza haikulia. Mwaka wa 5 haikulia. Watoto wamekulia kwenye nyumba ya kungoja, nyumba isiyo na msumari hata mmoja ukutani kwa sababu baba anasema tusizoee. Je, huyo mtoto akiulizwa siku moja nyumba ya utoto wako ilikuwa ya rangi gani, atasema nini? Atasema rangi ya kungoja.

Pazia halikufungi hapa. Ukiitwa kesho asubuhi, unalitoa kwenye kamba, unalikunja, unaondoka nalo. Ni pambo la msafiri kuliko mapambo yote.

Kuna wengine wanasema kupamba ni kuiga wazungu na sinema. Hapo ndugu zetu mmepotea njia. Wakuba wa Kasai, huko huko Kongo, walifuma vitambaa vya nyuzi za mti wa rafia na kuvitia mapambo ya pembe na misalaba, mstari ukikatana na mstari, tangu zamani. Leo vinatundikwa kwenye makumbusho ya Ulaya, na watu wanalipa kiingilio kuviona. Majirani zetu Wanyarwanda wana imigongo, sanaa ya Gisaka upande wa mashariki wa nchi yao, ambapo kinyesi cha ng'ombe kinachanganywa na majivu, kinainuliwa ukutani kwa mistari, kikikauka kinapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kinyesi cha ng'ombe, jamani! Watu wale hawakungoja kuwa na pesa ndipo wapambe nyumba. Na nenda kwa majirani zetu Wasomali, uone sebule zao. Zulia, mito mgongoni, pazia zito mlangoni. Nao ni wakimbizi kama sisi. Kukaa kwenye kuta tupu hatukuagizwa na babu yeyote.

Mwenzetu mmoja msomaji sana alitubana kwenye mjadala. Akasema kitenge chenyewe si cha Afrika. Ni kweli, na hatuogopi kulisema. Ufundi wa kuchora kwa nta ulikuwa wa Java, Indonesia. Waholanzi wakauiga kwa mashine, na kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanza 1846, mpaka leo inauza Afrika. Siku hizi vitenge vingi sokoni vinatoka China. Lakini nani aliyevipa maisha? Lomé, Togo, kulikuwa na wanawake wafanyabiashara waliotajirika kwa vitenge mpaka wakaitwa Nana Benz, kwa ajili ya magari waliyoyaendesha. Wauzaji wa kike ndio walioyapa mapambo majina, na jina ndilo lililouza kitambaa. Kisangani kulikuwa na kiwanda chetu, SOTEXKI, kikitoa vitenge vya pamba. Kwa hiyo kitenge ni mkimbizi mwenzetu. Kimezaliwa mahali, kimelelewa mahali pengine, na kimepata jina jipya kwa waliokipokea. Mtu wa kukikataa kwa sababu ya asili yake asiwe mkimbizi!

Lakini hatutaki tueleweke vibaya. Hatumtetei kijana anayekopa kwa riba ili sebule yake ifanane na ya jirani. Hatumtetei anayeuza mahindi ya watoto kununua mapazia yanayometameta yenye shanga. Tumeona ndoa zikitikisika kwa sababu ya mapazia ya mkopo. Rangi isiyolipika ni deni tu. Tunachotetea ni haki ya mtu kuchagua kizuri kwa kile kidogo alicho nacho, bila kuomba radhi. Na kwa kuwa tunasema kuchagua, basi tuchague kwa akili. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa mama zetu na kwa mafundi cherehani wa hapa.

Kwanza, itazame nyumba yako kabla ya kwenda sokoni. Nyumba zetu zina dirisha moja dogo, ndani ni giza hata saa sita mchana. Kitenge cheusi au cha kahawia kitakula mwanga uliobaki. Tafuta chenye ardhi ya manjano, machungwa au kijani kibichi. Nyeupe tupu usichukue, vumbi jekundu la huku litakudhihaki wiki ya kwanza. Maua madogo madogo yaliyosongamana yanaficha vumbi na moshi kuliko kitambaa cha rangi moja. Hata hilo mashirika wangelijua, wasingetugawia mashuka ya rangi moja.

Pili, pambo kubwa liende mahali pakubwa. Ndege, feni, ua la ukubwa wa sahani, hayo ni ya mlango. Ukiyaweka kwenye dirisha dogo unamkata ndege kichwa. Dirisha na foronya vinataka pambo dogo.

Tatu, usiogope kuchanganya. Watu wa magazeti ya nyumba hukwepa kuchanganya mapambo, sisi hatuwezi kukwepa kwa sababu tunatumia kilichopo. Siri ni moja: vitambaa viwili visivyojuana viwe na rangi moja inayofanana. Kama pazia la mlango lina buluu kidogo, kitambaa cha meza kiwe na buluu pia, hata kama mapambo ni tofauti kabisa. Kimoja kipige kelele, vingine viitikie.

Nne, mpime muuzaji kwa kupima kitambaa. Kigeuze. Waksi nzuri inaonekana karibu sawa pande zote mbili. Kile kilichochapwa upande mmoja, nyuma kimepauka, ni cha bei ya chini, na bei yake iwe ya chini kweli. Kisugue kati ya viganja. Unga mweupe ukitoka, ni wanga umekikausha kikaonekana kizito, na ukikifua mara moja kitalegea kama kitambaa cha jikoni. Lowesha pembe kwa mate, bonyeza kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikihama sokoni, itahama pia nyumbani.

Tano, pima mlango wako kwa kamba na uende na kamba hiyo. Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu, na upana wa kitenge ni kama mita 1 na sentimita 15. Mlango wa mita 2 unataka mita 2 na sentimita 10 ukihesabu pindo na njia ya kamba. Yaani yadi 6 zinakupa mapazia mawili ya mlango, na inabaki kama mita 1 na sentimita 30 ya dirisha na foronya. Anayekuambia ununue yadi 12 anataka hela yako.

Sita, moto. Pamba inaungua, na vile vitambaa vya nailoni vinayeyuka na kushika ngozi. Pazia lisikae karibu na tadoba, mshumaa wala jiko. Nyumba zetu zimekaribiana, moto wa pazia lako ni moto wa mtaa mzima. Funga pazia kwa utepe wakati wa kupika.

Saba, chandarua si pazia. Tunajua kinaning'inia vizuri. Kirudishe kitandani, malaria haijali mapambo.

Na kwa asiye na hata shilingi moja: nenda kwa fundi cherehani jioni, omba masalio. Vile vipande anavyokata pembeni mwa magauni, wengi wanavitupa au wanawashia jiko. Unga vipande 60 kwa mkono, utapata kitambaa cha meza ambacho hakuna duka la Kampala linakiuza. Kile cha mama yule, tuliyekutajia mwanzoni, kilitoka kwenye taka za fundi. Ndicho alichokiona starehe hatari kuliko vyote akakificha chini kabisa ya gunia.

Hapo tumefika kwenye miradi ya ushonaji. Baadhi yetu tumepita kwenye mafunzo ambapo kitambaa kililetwa kimechaguliwa tayari, majora ya kijivu na ya rangi ya mchanga. Tulipouliza, tukaambiwa ndizo rangi zinazopendwa na wanunuzi wa nje. Sawa, biashara ni biashara. Lakini tulishona foronya za kijivu miezi mitatu, wanunuzi wa nje hawakuja, na majirani hawakutaka kununua kijivu hata kwa nusu bei. Mwenzetu mmoja aliponunua kitenge kwa pesa yake ya nauli akashona mapazia manne, yaliisha kabla ya Jumapili. Wanunuzi walikuwepo tangu mwanzo, wanaishi mtaa wa pili. Hakuna aliyewauliza wanapenda rangi gani.

Kwa hiyo, wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba mambo manne tu, na yote hayahitaji bajeti.

Mkija kuandika hali ya familia, waambieni watu mapema, kwa lugha wanayoielewa, ni vitu gani mtauliza. Uvumi unaota mahali ambapo maelezo hayakupandwa.

Ulizeni wamekula mara ngapi, nani mgonjwa, wana deni kiasi gani, nani anafanya kazi. Msishike mapazia ya watu kwa vidole viwili. Na kama mmeyapenda, semeni "mapazia mazuri, mama," kama mnavyosema kwa shangazi zenu, kisha nyamazeni.

Mkipiga picha, mwache mtu achague akae wapi ndani ya nyumba yake.

Mkileta kitambaa, cha mafunzo au cha msaada, leteni aina zaidi ya moja na muulize. Kuchagua kati ya maua na ndege ni kitu kidogo kwa anayechagua kila siku. Kwa mtu ambaye amepangiwa mahali pa kukaa, siku ya kupokea mgao na foleni ya kupanga, si kidogo hata kidogo.

Na sisi vijana wa kujitolea, tujilinde midomo yetu. Watu wanatuamini kuliko mabango. Mzaha wetu mmoja umemvua mama nyumba yake. Kuanzia leo, tukipita kutangaza ziara yoyote, tutangaze na hili: usishushe kitu. Acha nyumba yako kama ilivyo. Sema ukweli juu ya chakula chako, na ukweli huo useme ukiwa umekaa mbele ya pazia lako.

Wapo watakaosema, mgao unapungua, watoto wanalala na uji, ninyi mnaandika juu ya vitambaa? Ndiyo, tunaandika. Juu ya mgao tumeandika na tutaandika tena. Lakini ukikubali kwamba mwenye njaa hapaswi kuwa na kizuri, kesho utakubali kwamba hapaswi kucheka, na keshokutwa kwamba hapaswi kuoga. Mstari lazima uchorwe mahali. Sisi tumeuchora kwenye kamba ya pazia.

Baada ya timu kuondoka siku ile, tulimwambia mama, sasa rudisha mapazia. Akasema tusubiri majibu yatoke. Majibu ya familia yake hayajatoka. Mapazia bado yako kwa jirani, na panya wameanza kula pindo la lile la manjano. Binti bado anabadilisha nguo nyuma ya jiko, na mvua zinakaribia. Tumeshaongea na fundi wa hapa mtaani, amekubali kushona pindo upya bila malipo. Kamba ya nailoni tumenunua wenyewe, mita 5. Nyundo tunayo. Hatutamlazimisha, nyumba ni yake. Lakini Jumamosi tutapita kwake kumsalimia na kumwomba msamaha kwa ule mzaha wetu, na nyundo itakuwa mfukoni. Anayetaka kuja pamoja nasi, aje.